"Mzazi wa usonji" ni nani hasa?

Mzazi mwenye usonji ni mzazi ambaye yeye mwenyewe ana usonji: alizaliwa nao, na kelele, mwanga, mguso na mazungumzo humfikia tofauti na wanavyofikiwa wengi. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachoudhi ni hiki kijineno "wa". Matangazo ya semina huandika "wazazi wa usonji", na sote tunaelewa kuwa wanaoitwa ni wazazi wa watoto wenye usonji. Usonji hauna wazazi. Matokeo yake, mjamzito akisema kliniki kwamba ana usonji, anaulizwa mtoto wake ana miaka mingapi.

Mazoea haya yana asili. Neno la Kizungu la hali hii, "autism", limetokana na Kigiriki "autos", yaani nafsi. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, alilitunga akieleza wagonjwa wa skizofrenia, maradhi ya akili, waliojifungia ndani ya nafsi zao. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Marekani, akalitumia kwa watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Tangu hapo likaganda utotoni, tena utotoni mwa wavulana, kana kwamba watoto hao hawakui wakazaa. Wanawake wengi hugundulika ukubwani, wengine baada ya mtoto wao kupimwa.

"Wa" na "mwenye" hubadilisha huduma. Mzazi wa mtoto hushauriwa kuhusu mtoto. Mwenye usonji anahitaji muuguzi amwambie kabla ya kumgusa atafanya nini na kwa dakika ngapi. Mpapaso mwepesi waweza kumkera kuliko mkono imara. "Unajisikiaje?" ni swali pana mno, aulizwe maumivu yako wapi na yanarudi kila baada ya dakika ngapi. Uso mtulivu usimdanganye mkunga kwamba uchungu bado, maana wapo ambao maumivu hayafiki usoni. Maelekezo ya kunyonyesha yaandikwe: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, pamoja na dalili za njaa, kama mtoto kunyonya vidole au kugeuza kichwa akitafuta titi. "Akitaka mpe" pekee haitoshi. Na akivaa viziba masikio vinavyopunguza makali ya kilio, bado anamsikia mwanawe. Mawifi wasiseme hampendi.

Semina ile, basi, iitwe ya wazazi wa watoto wenye usonji. Ni refu kwa bango, kweli. Ila ukumbini baadhi yao huenda ni yote mawili: wana watoto wenye usonji, na wao wenyewe wanao.