"Ni dawa ya wadudu tu": tunayoambiana Tabora kuhusu kabameti

Katika lugha ya duka la pembejeo, kabarili na methomili, sumu za wadudu za kundi la kabameti, zote ni "dawa". Neno hilo limeshawaponza mbuzi wengi.

Wanasema dawa ya wadudu haimdhuru mbuzi kwa kuwa mbuzi si mdudu. Lakini wote wawili wana kimeng'enya kimoja, asetilikolinesterasi, kinachozima ujumbe wa neva ukishafika kwenye msuli au tezi. Kabameti hukifunga kimeng'enya hicho, ujumbe ukabaki kama bomba lisilo na koki. Mnyama hutokwa mate na machozi, huhara, hujikojolea, mboni husinyaa, misuli hutetemeka. Kinachomuua ni pumzi: njia za hewa hujaa ute, misuli ya kupumulia ikalegea. Dalili zaweza kuanza ndani ya dakika chache.

"Mnyweshe maziwa, yatakata sumu." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Maziwa hayafungui kimeng'enya kilichofungwa, na mnyama anayetetemeka, koo limejaa mate, huyapeleka mapafuni. Anachohitaji ni sindano ya atropini kutoka kwa daktari wa mifugo. Ukienda kumwita, beba na chupa yenye lebo, maana oganofosfati, kundi jingine la sumu za wadudu, huleta dalili zilezile ila hukishika kimeng'enya kwa muda mrefu zaidi, na matibabu yake hutofautiana kidogo. Kabameti huachia yenyewe, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Mbuzi aliyewahiwa saa za mwanzo huweza kupona kabisa. Kama sumu imemmwagikia, vaa glavu kwanza ndipo umwoshe kwa maji na sabuni.

Akishakufa utasikia: "Chemsha nyama sana, italika." Usiile, usimpe mbwa, usiitupe porini. Sumu bado imo tumboni. Kenya wafugaji waliwahi kutia kabofurani, nayo ni kabameti, kwenye mizoga ili waue simba, na tai waliotua kula wakafa pia. Mzoga ufukiwe kwa kina, mbali na kisima.

Limebaki la nyuki, na kwa mkoa unaojivunia asali kama wetu si dogo. Watu hudhani unga ukishakauka juani umekwisha. Unga wa kabarili hushikamana na chavua, nyuki akaubeba hadi mzingani, majana wakalishwa. Kama ni lazima kupulizia, pulizia jioni nyuki wakisharudi, usiguse mimea iliyochanua, na mwenye mizinga ya jirani apewe taarifa tangu jana yake.