Jibini huharibiwa na ulivyoifunga kuliko friji yenyewe

Kila anayenunua jibini kwangu huuliza itakaa siku ngapi. Nami humuuliza: utaifunga na nini?

Jibini ngumu ikishakatwa huanza kupoteza maji pale ilipokatwa. Iache wazi kwenye friji, hewa kavu ya humo itaikausha mpaka kingo zipasuke. Ibane na nailoni ya kufungia chakula, unyevu unakosa pa kutokea: uso unateleza, ukungu unaota, na mafuta ya jibini yanavuta harufu ya plastiki. Kinuse kipande cha namna hiyo kabla hujakila, utaisikia. Kama tatizo ni harufu tu, kwangua uso kwa makali ya kisu, utando mwembamba, na ladha itarudi.

Mimi hutumia karatasi ya kuokea au ya nta. Inazuia jibini isikauke haraka, lakini haiizibi kabisa. Ifunge vizuri, kisha iweke kwenye chombo chenye mfuniko usiokaza sana, kwenye droo ya mboga, ambako unyevu ni mwingi na baridi haiyumbi. Mlangoni hapafai, maana joto linapanda na kushuka kila friji inapofunguliwa. Na kila ukikata, badilisha karatasi. Wengi huona ni ubadhirifu kutoirudia ile ya zamani. Mimi naona ubadhirifu ni kuitupa jibini yenyewe.

Feta iache kwenye maji yake ya chumvi, mozarela mbichi kwenye maji iliyokuja nayo. Jibini ya bluu, ile inayooteshwa ukungu kwa makusudi, ipe chombo chake peke yake, la sivyo ukungu wake utahamia kwa jirani.

Ukungu ndio unaowachanganya watu. Kwenye jibini ngumu kama cheda au parmesani, nyuzi zake hazipenyi kirahisi, kwa hiyo kata sentimita 2.5 kuuzunguka na kwenda chini yake, kisu kisiuguse, na kilichobaki kinalika. Kwenye jibini laini, au iliyokunwa, au iliyokatwa vipande vyembamba, usijaribu kuokoa kitu: tupa yote. Humo ukungu husambaa bila kuonekana, na bakteria wanaweza kuwa wameandamana nao. Listeria, kwa mfano, hukua hata kwenye baridi ya friji, na kwa mjamzito ni hatari kubwa. Lakini usitupe parmesani kwa sababu ya vidoti vyeupe vinavyokwaruza menoni. Hizo ni chembe za tairosini, zinazojitengeneza protini inapovunjika wakati jibini inakomaa. Wajuzi huzitafuta!

Brii, jibini laini yenye ganda jeupe, ikinuka amonia, ifungue ipate hewa kwa muda. Harufu ikipungua, unaweza kuila. Ikibaki kali, imeshapitiliza.

Friza? Kwa jibini ya kupikia tu. Chembe za barafu huvunja umbile lake, na ikiyeyuka inamomonyoka badala ya kukatika. Ikune kwanza, igawe kwenye mifuko midogo, kisha uitupie kwenye chungu ikiwa bado imeganda.

Ya kuliwa hivihivi itoe kwenye friji nusu saa mpaka saa nzima kabla, ikiwa ndani ya karatasi yake, ili mafuta yalainike na ladha ifunguke. Toa kiasi mtakachomaliza tu, maana kipande kinachopashwa na kupoozwa kila siku hutoa jasho, na jasho hilo ndilo ukungu unalolisubiri.