Amali siyo umahiri

Ukitaja mtaala mpya wa Tanzania siku hizi, mara nyingi utajibiwa: "Aa, ule wa umahiri, watoto wasome umeme na ushonaji." Hapo maneno mawili, umahiri na amali, yamefungwa furushi moja. Umahiri ni uwezo wa kutenda jambo kwa kiwango kilichowekwa, kwa kutumia maarifa, stadi na mwelekeo unaofaa. Amali ni mkondo wa masomo: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari katika elimu ya jumla na elimu ya amali, yaani ya fani za kazi kama umeme na ushonaji. Umahiri ndio unaopimwa, amali ni njia anayopita mwanafunzi.

Amali kwa Kiarabu ni kazi, tendo. Mswahili alilijua msikitini kabla ya karakana. Amali njema ni matendo mema. Zanzibar wamelizoea katika elimu, na wizara yenyewe inaitwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Bara tulikuwa tukisema "ufundi stadi", kama VETA, mamlaka ya mafunzo hayo, wanavyosema hadi leo. Amali ilipoingia kwenye madarasa ya Bara Januari 2024, wengi waliliona neno jipya, wakalibandika juu ya umahiri waliousikia siku hiyohiyo. Kumbe umahiri haukuwa mgeni: mtaala wa sekondari wa 2005 nao ulitangazwa kuwa wa umahiri, ila ulikwama kwenye mitihani ya "taja na eleza".

Na "mahiri" lenyewe halijawahi kunuka grisi. Waliosoma chuo cha Kurani pwani wanaikumbuka hadithi ya Mtume inayomsifu aliye mahiri wa kusoma Kurani, ikimtenga na yule anayesoma kwa kukwamakwama. Anayesifiwa hapo ni msomaji! Kinyume chake, "stadi", tunalolipeleka kwa mafundi, ni ndugu wa "ustadhi", mwalimu wa madrasa. Hata "fundi" na "mwanafunzi" wametoka shina moja. Lugha yetu haikujenga ukuta kati ya kalamu na nyundo, tumeujenga sisi.

Fungua muhtasari wa somo lolote, hata la mkondo wa jumla: utakuta umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, kisha vigezo vya upimaji. Chukua historia. "Taja sababu tano za Vita vya Majimaji" inapima kumbukumbu. Mpe mwanafunzi taarifa ya ofisa wa Kijerumani na simulizi la wazee wa Umatumbi juu ya mwaka 1905, aonyeshe zinapogongana na kwa nini. Hapo umepima umahiri, na hakuna aliyeshika bisibisi.

Upande wa pili ndio unaoumiza zaidi, maana amali inaweza kufundishwa bila umahiri kabisa. Mwanafunzi wa umeme ananakili mchoro wa saketi ya taa moja, anaujaza kwenye mtihani, anapata alama zote. Mpeleke ukutani, atafunga swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya wa kuuleta). Taa itawaka, itazima, mwalimu mwenye haraka atatia vema. Lakini taa ikiwa imezimwa, gusa kwa testa ncha ya laivu ndani ya holda: inawaka, kwa sababu swichi imekata njia ya kurudi tu. Atakayebadilisha balbu akigusa hapo atapigwa shoti. Kigezo cha upimaji kilipaswa kusema "swichi ikate laivu, holda ibaki bila umeme taa ikizimwa", siyo "taa iwake". Na mwanafunzi mmoja mmoja afunge na kupimwa. Kundi la watu kumi kwenye ubao mmoja linamficha asiyejua.

Kwa hiyo mzazi akiuliza kama shule fulani "ina umahiri", muulize kwa upole anachotafuta. Kama ni karakana na fani, aseme amali, ataeleweka. Kama ni jinsi mtoto anavyopimwa, hilo aliulize kwenye kila somo, Kiswahili na hesabu vikiwemo.