Besi iliyobaki: albamu ya kwanza ya Poco

Kila nikiwataja Poco, bendi ya Marekani iliyochanganya kantri na roki, mbele ya wapenzi wa kantri, swali la kwanza ni kuhusu mbwa. Kwenye jalada la *Pickin' Up the Pieces*, albamu yao ya kwanza iliyotoka mwaka 1969, wamechorwa wanamuziki wanne, na nafasi ya wa tano amechorwa mbwa. Wa tano huyo ni Randy Meisner, mpiga besi. Richie Furay na Jim Messina, wapiga gitaa na waimbaji wa bendi, walitaka wachanganye sauti za rekodi, yaani kupanga kila chombo kisikike kiasi gani, wao wawili tu. Meisner hakukubali kufungiwa mlango, akaondoka kabla albamu haijatoka. Nyimbo alizoongoza zikaimbwa upya na mpiga dramu, George Grantham.

Mimi kuchanganya sauti ndiyo kazi yangu, na masikio yangu huanzia chini, kwenye besi. Besi ya Meisner haikufutwa. Hata sauti yake ya kuitikia imo. Jalada limemficha, lakini nyimbo zenyewe zimesimama juu ya vidole vyake.

Na juu ya besi hiyo yupo Rusty Young. Gitaa lake la stili hulazwa kama meza: mkono mmoja unadonoa nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma, na miguu inakanyaga pedali zinazokaza nyuzi hadi noti ipande yenyewe. Sisi tuliokulia na kantri ya redioni tumezoea kulisikia likilia taratibu nyuma ya mwimbaji. Young alilitoa huko nyuma. Alilipitisha kwenye spika ya Leslie, lile kabati lenye honi inayozunguka, linalotumiwa na wapiga kinanda cha Hammond. Sauti inazunguka nayo, inavimba na kunywea, mpaka unaapa kuna mtu anapiga kinanda cha kanisani. Nimerudia vipande hivyo mara nyingi sana studio, na bado vinanisimamisha.

Furay na Messina walitoka bendi ya Buffalo Springfield. Young aliletwa kutoka Colorado aje kupiga kwenye "Kind Woman", wimbo wa mwisho wa albamu ya mwisho ya bendi hiyo. Ili Furay ahamie Epic, kampuni mbili za rekodi zilibadilishana wasanii: Atlantic ikamwachia yeye, ikampata mwimbaji Graham Nash. Albamu ya Nash na wenzake, Crosby na Stills, ya mwaka huohuo wa 1969 iliuza mamilioni. Ya Poco iliishia nafasi ya 63 kwenye chati ya albamu ya Billboard, Marekani. Kwangu hiyo ni dhuluma.

Meisner alikwenda kuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Eagles mwaka 1971. Timothy B. Schmit aliyeshika nafasi yake Poco ndiye aliyemrithi tena huko, mwaka 1977.

Ukiwa na dakika tatu tu, weka "Grand Junction". Hakuna anayeimba. Mara ya kwanza mfuate Young. Mara ya pili shuka umsikilize yule asiyeonekana jaladani.