Kukimbia Pekupeku Shela: Maswali Kuhusu Maumivu ya Nyayo

Nimekulia Lamu nikitembea pekupeku. Mbona nikikimbia kwenye ufuo wa Shela nyayo zinaniuma?

Kutembea kumekukomaza ngozi, si mifupa. Unyayo huota sugu kwa wiki chache tu. Mifupa na kano huchukua miezi kuzoea kishindo cha mbio. Tena wengi wakivua viatu huanza kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na mzigo ukahamia kwenye vigimbi, kano ya kisigino na ile mifupa mirefu inayoelekea vidoleni. Usijilazimishe kukimbia kwa ncha za vidole eti ndivyo wafanyavyo mabingwa. Mwaka 2013 watafiti waliowapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea kukaa bila viatu, walikuta wengi wao wakitua kwa kisigino katika mwendo wao wa kawaida.

Lakini si tunakimbia mchangani? Mchanga ni laini.

Na ulaini huo ndio unaoumiza wengi. Mchanga mkavu wa chini ya ile milima ya mchanga ya Shela hudidimia ukikanyagwa: kisigino hushuka chini kuliko vidole, na kano ya nyuma ya mguu huvutwa kila hatua. Mchanga mzuri ni ule ulioachwa na maji punde, unaobaki na alama ya vidole bila mguu kuzama.

Shida ni saa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa alfajiri na tena mwendo wa saa kumi jioni, kwa hiyo anayetoka baada ya Asri husukumwa juu, kwenye mchanga mlaini ulioinamia baharini. Mguu mmoja uko juu, mwingine chini, na vifundo na magoti ndiyo yanayoumia. Siku hizo fupisha mbio, na urudi kwa njia ileile uliyoendea ili kila mguu upate zamu yake ya kuwa juu.

Nitajuaje kama ni uchovu tu au nimeumia?

Bonyeza kwa kidole kimoja. Vigimbi vyote viwili vikiuma kwa ujumla, na siku ya tatu vimetulia, huo ni uchovu. Maumivu ya chini ya kisigino yanayochoma unapoteremka kitandani, kisha yakapungua ukitembeatembea, mara nyingi ni ya utando mgumu unaoshikilia upinde wa wayo.

La kuogopa ni sehemu moja, juu ya wayo nyuma ya kidole cha pili au cha tatu, inayouma hasa pale pale unapobonyeza, pengine imevimba kidogo. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha mbio siku hiyohiyo uende hospitali. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo huweza isionyeshe kitu, kwa hiyo usirudi ufukweni kwa sababu tu picha imetoka safi.

Kisigino kinaniuma kila asubuhi. Nifanyeje?

Kabla hujakanyaga sakafu, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea ugokoni, hesabu hadi kumi, rudia mara kumi. Jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa. Ndani ya nyumba vaa viatu vyenye soli nene. Ndara nyembamba juu ya saruji hazisaidii kitu. Kupona huchukua miezi. Kumeza dawa ya maumivu ili upate kukimbia ni kuficha kidonda, nami siungi mkono.

Na nikianza upya?

Dakika tano hadi kumi, siku moja mbio, siku moja pumziko. Ongeza kidogo kila wiki. Ukipata maumivu mapya, rudi nyuma.

Nikijikata vichochoroni?

Mjini kuna punda kila kona, na kinyesi cha punda hubeba vijidudu vya pepopunda. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha nenda kliniki uulize kuhusu chanjo, hasa kama tundu ni la msumari. Ukiona mstari mwekundu unaowasha na kusogea chini ya ngozi, ni viluwiluwi vya minyoo ya paka au mbwa. Usiuchokonoe kwa sindano, kuna dawa.

Nina kisukari. Naweza kukimbia pekupeku?

Hapana. Kisukari huweza kufisha hisia za nyayo, ukakanyaga kigae cha chupa usijue mpaka kidonda kimeoza. Kimbia na viatu, na kila usiku kagua nyayo zako au umwombe mtu wa nyumbani akutazamie.