Kv si nguvu, jamani, kabla hamjaunguza ESC nyingine

Wiki ilopita kijana mmoja kaja karakana kwangu Tudor kabeba Wildcat yake, ndege ya mfano ya kuongozwa kwa redio, bawa mita 2.3 kutoka ncha hadi ncha, kaipaka rangi vizuri mpaka nkasimama kuitazama, manake hii ndo ndege ambayo Waingereza waliiita Martlet, na mwaka 1942 zilikuwemo kwenye manowari zao zilizohamia Kilindini, kwa hivo kwetu sisi wa Mombasa ina maana yake. Nkafungua boneti. Harufu ya plastiki ilioungua. ESC, kile kifaa kinachopimia mota umeme wa betri, ya ampia 120, imepasuka, kapasita zimevimba, na mota ukichungulia ndani shaba yote imegeuka nyeusi. Alikuwa katoa injini ya petroli ya cc 55 akaweka mota ya Kv 400, betri 12S, yaani seli 12 zilofuatana, na propela ile ile ya mbao ya 22x10, inchi 22 ncha hadi ncha, na inchi 10 za kusonga mbele kila mzunguko. Nkamuuliza, kwa nini 400?

"Ami, nliambiwa Kv ikiwa kubwa ndo nguvu zaidi. Na hii ndo ilikuwa kubwa kuliko zote."

Huyu ni wa nne mwaka huu kunambia maneno hayo hayo, na kila mmoja kaja na vitu vilivyoungua vya pesa nyingi. Ndo maana naandika.

Kv ni mizunguko kwa volti. Ukiipa mota volti moja bila mzigo wowote yazunguka mara ngapi kwa dakika, basi, hapo ndo mwisho wa habari yake. Haisemi mota ina nguvu gani, haisemi yabeba ampia ngapi, haisemi ni nzuri au mbovu. Mota mbili za kampuni moja, chuma kile kile, uzito ule ule, moja Kv 200 nyingine Kv 400, tofauti yake ni vile shaba ilivyozungushwa ndani: ya 200 ina raundi nyingi za waya mwembamba, ya 400 ina raundi chache za waya mnene. Zote mbili zaweza kutoa wati zile zile, ila ya 400 yataka volti nusu na ampia mara mbili.

Tena kuna jambo ambalo watu hawataki kulisikia. Kv ikipanda, nguvu ya kuzungusha shafti kwa kila ampia YASHUKA. Hesabu yake ni 9.55 gawanya kwa Kv. Mota ya 200 yakupa karibu newtonmita 0.048 kwa ampia moja, ya 400 yakupa 0.024, nusu yake. Umeona lori la kontena likitoka bandarini kuelekea bara, likifika mlima wa Mazeras dereva hupiga gia ya chini, mwendo unapungua lakini mzigo unapanda. Kv ndogo ni gia ya chini. Propela ya inchi 22 ni kontena. Yule kijana alipanda Mazeras na gia ya tano.

Sasa najua hii imani yatoka wapi, na hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu ndo mzizi wa matatizo yote. Wengi wetu tumeanza na injini za petroli. Injini ya petroli ukiipa propela kubwa kuliko uwezo wake yapunguza mizunguko, yanguruma, yachoka, na wewe wasikia kwa sikio kwamba imelemewa, watoa propela waweka ndogo, hakuna kilichoharibika. Mota ya umeme haina tabia hiyo. Ukiipa volti 44 na Kv 400 yenyewe inataka kwenda mizunguko 17,600, na ikizuiwa na propela haikubali, inavuta ampia zaidi, ikizuiwa zaidi inavuta zaidi, mpaka kitu kiungue. Haijui kusema nimeshindwa. Kwa hivo swali la "mota hii ina nguvu gani" halina jibu mpaka unambie propela gani na volti ngapi. Propela ndo inayoamua ampia. Mota inaamua tu kama itazistahimili.

Tupige hesabu ya ile Wildcat. Propela 22x10 kwenye mizunguko 7,000 inakula karibu wati 4,000 kutoka kwenye betri. Nguvu ambayo propela inataka inaongezeka kwa mizunguko mara tatu yenyewe, yaani ukiongeza mizunguko mara mbili wahitaji nguvu mara nane. Sasa peleka propela hiyo 14,000, ambako ile mota ya Kv 400 yataka kuifikisha ikiwa na mzigo: wati 32,000, gawanya kwa volti 44, ni zaidi ya ampia 700. Kupitia ESC ya 120! Na hata kama ungekuwa na umeme wote huo, ncha ya propela ingekuwa inakwenda karibu mita 410 kwa sekunde, na sauti yenyewe inakwenda kama 340, na propela ya mbao sitaki kuwa karibu nayo hapo. Kijana anasema aliposukuma stiki nusu ndo ikalia paa. Alhamdulillahi alikuwa nyuma ya ndege wala si pembeni.

Kwa hivo anza na propela, rudi nyuma. Injini yako ya zamani ilikuwa inazungusha propela gani, kwa mizunguko mingapi? Hiyo ndo kazi unayotaka mota ifanye, kwa sababu ndege ile ile ilikuwa inaruka nayo. 22x10 kwenye 7,000, inchi 10 kila mzunguko, hewa inasukumwa kama kilomita 106 kwa saa, kwa ndege ya kivita ya ukubwa huo ni sawa. Kisha volti. Chukua 12S na si 6S, manake wati 4,000 kwa 6S ni ampia karibu 190, kwa 12S ni 94, na joto kwenye waya laenda kwa ampia mara ampia, ukipunguza nusu joto labaki robo. Betri ikiwa na mzigo hesabu volti kama 42 au 43, usihesabu ile 50.4 ya betri ilojaa. Halafu mota ikibeba propela hufika karibu asilimia 80 hadi 85 ya mizunguko ya Kv, hivo 7,000 gawanya kwa 42.5 gawanya kwa 0.84, wapata karibu 195. Hiyo ndo Kv yako. Imetoka kwenye propela, haikutoka dukani.

Mengine ntayapita haraka. ESC nyingi za 12S hazitoi umeme wa risiva, ile inayopokea redio yako, weka betri ya pembeni kwa risiva na sevo, zile mota ndogo za usukani, ili mota ikifa bado waongoza ndege. Plagi weka ya kuzuia cheche. Balansi: mota ni nyepesi sana kuliko injini na ekzosi yake, na Wildcat ina pua fupi, kwa hivo betri zaenda mbele mpaka zagusa ukuta wa mota, usijaze risasi za uzito puani kabla hujasogeza betri. Na ukihitaji kurefusha waya, refusha zile tatu za kati ya ESC na mota, zile za betri ziache fupi, zikirefuka ESC yapigwa na mawimbi ya volti na kapasita ndo zinaanza kuvimba. Hili nimeliona kwa macho yangu.

Joto nalo. Huku kwetu asubuhi tu ni nyuzi 30 na unyevu juu, na Wildcat ina ile injini ya duara ya plastiki mbele, silinda 14 za kupendeza zinazoziba hewa yote. Sumaku za kawaida za mota zinaanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na shaba ikipanda joto nyuzi 60 ukinzani wake unaongezeka zaidi ya asilimia 20, ndo inazidi kuwaka. Toboa kati ya silinda, weka ukuta wa kuelekeza hewa ipite kwenye mota yenyewe, na tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia. Chumvi ya bahari futa kwenye beringi na plagi kila ukirudi.

Sasa nseme kweli kuhusu mambo ambayo hata mimi hayajanituliza. Ile kanuni ya wati 250 au 300 kwa kilo naitumia, lakini siiamini sana, kwa sababu ndege nene kama Wildcat na ndege nyembamba kama Mustang haziwezi kutaka sawa, na kanuni haijui ndege yako ina umbo gani. Namba ya C ilochapishwa kwenye betri, ile ya kudai yaweza kutoa ampia ngapi, sishughuliki nayo kabisa, naangalia volti zinashuka kiasi gani nikivuta ampia 90, hapo betri imejieleza. Na timing ya ESC, yaani inaitangulizia mota umeme kiasi gani kila mzunguko, nshabadilisha msimamo mara mbili, zamani nlikuwa naipandisha, siku hizi naiacha chini na napima joto, na huenda mwakani mkanikuta nimebadilisha tena.

Wildcat tumeipa mota ya Kv 195 na ESC mpya. Tumeifunga kwenye meza na watimita, kile kipimo cha wati: ampia 94, volti 42.3, mizunguko 6,900, yaani karibu wati 4,000 kwa ndege ya kilo 12. Mota baada ya dakika moja ya moto wote ilikuwa vuguvugu, nliishika kwa mkono. Kwa betri za miliampia-saa 5,000 mkononi mwa mtu mpole ataruka dakika tano na kubaki na asilimia 20. Kijana kanuna aliposikia dakika tano, nkamwambia mwanangu, hizo tano utazirusha mara mia. Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka twaipeleka uwanjani, vibali viko tayari, na watimita naibeba mfukoni.