Niletee kuku na kichwa chake

Jumatatu iliyopita nilikataa kuku 60 kwenye jiko la hoteli moja hapa Dar es Salaam. Hawakuwa wameharibika, na barafu ilikuwa bado imewashika vizuri. Kosa lilikuwa kwenye karatasi: "Kuku wa kienyeji, Singida." Wale walikuwa kuku wa mayai waliomaliza kutaga.

Walikuja wamenyonyolewa, wamekatwa vichwa na miguu, weupe wote kama mapacha. Lakini chini ya kiroba kulikuwa na watatu waliosahaulika na vichwa vyao. Nikamshika mmoja, nikapitisha kidole kwenye mdomo. Ulikuwa butu. Ncha ya juu ilikatwa zamani, kidonda kikapona, ya chini ikabaki imechomoza.

Midomo ya kuku wa mayai hukatwa wakiwa bado wadogo ili wasidonoane bandani. Sijawahi kuona mama wa kijijini anayekata mdomo wa kuku wake. Kuku anayejitafutia anautegemea huo huo kufukunyua mchanga na kubandua mchwa kwenye gogo. Ukimkata, umemnyima sahani yake.

Mimi nilisomea mifugo Morogoro, nikakagua nyama machinjioni kwa miaka kadhaa, na sasa hoteli na migahawa hunilipa niwanunulie nyama. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitamjuaje kienyeji wa kweli?

Wengi humpima kwa meno, na hapo ndipo wanapoibiwa. Kuku wa mayai huachishwa akiwa na wiki 72 hadi 80 hivi. Ni mzee. Unamchemsha saa nzima na bado anavutana na meno, mteja anafurahi: "Huyu ndiye mwenyewe!" Hapana, ugumu ule ni wa umri. Kienyeji amekazwa na miguu yake mwenyewe. Paja lake lina rangi nzito, kifua chake chembamba, mafuta kidogo. Yule wa mayai ukimpasua tumbo unakutana na donge la mafuta ya njano linalojaa kiganja.

Na msiamini rangi ya ngozi. Unjano hutokana sana na chakula, hata broila anaweza kuwa wa njano akilishwa mahindi ya njano.

Mimi naamini firigisi. Omba upewe kuku mzima na matumbo yake, kisha ipasue firigisi juu ya sahani nyeupe. Ya broila ni laini, ndani kuna uji wa pumba. Ya kuku aliyezurura ina ukuta mnene kiasi kwamba kisu kinasita, na ndani utakuta vijiwe, mchanga, maganda ya mtama, pengine bawa la mdudu. Muuzaji anaweza kumlisha mahindi sokoni siku mbili kabla ya kumuuza, lakini vijiwe havitoki upesi. Nikiviona vikilia kwenye sahani, roho yangu inatulia.

Kuna chotara pia, na hapa nataka kuwa mwangalifu, maana sina ugomvi nao. Kuroila na sasso ni kuku wazuri. Akitunzwa vizuri, chotara anafika kilo mbili ndani ya miezi mitatu hivi, na ameinua kipato cha wafugaji wengi. Ukubwa peke yake haumtambulishi chotara: kuchi wetu naye ni mrefu na mzito, na ni wa asili kabisa, wakati ching'wekwe ana miguu mifupi utadhani amechuchumaa. Kosa si kuuza chotara. Kosa ni kumuuza kwa jina la mwingine.

Maana jina hilo lina bei, na bei hiyo ni ya muda. Broila anachinjwa akiwa na wiki 4 hadi 6. Kienyeji anachukua miezi 6, wakati mwingine 8. Katika miezi hiyo mwewe anachukua wake, kicheche anachukua wake, na ugonjwa wa mdondo ukipita kwenye kijiji ambacho hakijachanja unaweza kufagia karibu banda zima. Anayebaki amebeba gharama ya wenzake waliokufa. Ndiyo maana ni ghali. Mtu anapoandika "Singida" kwenye kuku wa banda la jirani, anachukua malipo ya miezi ambayo hakuna aliyeisubiri, na yule mama aliyeisubiri anaambiwa mnadani kwamba bei imeshuka.

Wajapani walilikabili jambo hili kwenye nyama ya ng'ombe. Nyama yao maarufu iitwayo Kobe ni ya ng'ombe wa ukoo wa Tajima, aliyezaliwa, akalelewa na kuchinjwa mkoani Hyogo, na nyama yake lazima ifikie daraja lililowekwa. Baada ya kichaa cha ng'ombe kuingia Japani mwaka 2001, ilitungwa sheria ya 2003: kila ng'ombe ana namba ya tarakimu 10 inayomfuata mpaka buchani. Hata hivyo Kobe haikuanza kuuzwa nje ya nchi hiyo mpaka 2012, ilhali migahawa ya Marekani ilikuwa imeiandika kwenye menyu miaka mingi kabla. Huko huko Japani, mwaka 2007 mgahawa wa kifahari wa Osaka ulibainika kuuza nyama ya kisiwa cha Kyushu kwa jina la Tajima. Ukafungwa mwaka uliofuata.

Tenga la kuku halina namba. Mama anauza wawili mnadani, mchuuzi anamuuzia mkusanyaji, matenga yanapakiwa kwenye lori, Dodoma, Morogoro, mpaka masoko ya Shekilango au Kisutu hapa Dar. Njia yote hiyo kuku ana manyoya, ana kichwa, ana kucha zilizochakaa kwa kuparua. Ni vigumu kumsingizia. Uongo unaanza manyoya yanapotoka. Buchani tumelijua hili siku nyingi: ndiyo maana mnunuzi makini anataka mbuzi aachwe na mkia, asije akabebeshwa kondoo.

Nilimpigia msambazaji wa wale 60. Nilikuwa na hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, hoteli wenyewe ndio waliosema hawataki vichwa. Na wanataka 60 kila Jumatatu, wote kilo moja na nusu. Nikutolee wapi kienyeji 60 wanaolingana?"

Sikumsamehe karatasi yake. Lakini kwenye hilo alisema kweli, na nimelifikiria wiki nzima. Hakuna kijiji kinachotoa kuku 60 wa uzito mmoja kila Jumatatu. Aliyeandika oda ile aliagiza kitu ambacho hakipo, akatia saini, akakaa kusubiri kiletwe. Nimefanya kazi hii miaka yote nikiwakagua wauzaji na sijawahi kuikagua oda.

Basi Alhamisi nilikaa na mpishi mkuu jikoni. Haikuwa rahisi, aliogopa wageni watalalamika. Tulikubaliana kila siku menyu iseme "Kuku chotara wa Kibaha, miezi minne", kwa bei ya chotara. Kienyeji awe wa Ijumaa, kwa idadi itakayoletwa, na kila mmoja aje na kichwa, miguu na firigisi.

Ijumaa asubuhi walikuja 17. Mdogo kabisa hakufika kilo moja, mkubwa alikuwa kuchi mwenye shingo kama fimbo. Nilipasua firigisi nne, zote zikalia kwenye sahani. Mpishi alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa mlangoni: "Kienyeji, Singida. Wapo 17." Saa nane mchana aliufuta.